Zamu sawa, zamu kwa uwezo au msururu wa kupukutika: timu iendeje kwenye mbio dhidi ya saa?

Katika mbio za baiskeli za hatua, zile za siku nyingi ambapo kila siku ni hatua moja, hakuna siku inayoianika timu nzima kama ile ya mbio za timu dhidi ya saa. Siku nyingine kiongozi mwenye miguu mizuri huweza kufunika udhaifu wa wenzake: anakaa ndani ya kundi, anausubiri mlima, anamaliza kazi peke yake. Siku hii hana pa kujificha wala pa kuwaficha. Watu saba au wanane wanaondoka pamoja kwenye jukwaa la kuanzia, wanapokezana kukata upepo, na saa inasimama pale mtu aliyetajwa na kanuni anapovuka mstari.

Ubishi mkubwa, ndani ya basi la timu na miongoni mwa mashabiki pia, huwa juu ya namna ya kupokezana. Kuna njia tatu kuu. Ya kwanza ni zamu sawa: kila mtu anakaa mbele kwa muda ule ule. Ya pili ni zamu kwa uwezo: mwenye nguvu anakaa mbele muda mrefu, mnyonge anakaa kidogo au haendi kabisa. Ya tatu naiita msururu wa kupukutika: watu wanatoa kila walicho nacho mmoja baada ya mwingine na kuachia, mpaka wabaki wale tu ambao saa inawahitaji. Nimezilinganisha hapa kwa ajili ya nahodha au kocha anayetakiwa kuchagua, na kwa shabiki anayetaka kuelewa kwa nini timu yenye majina makubwa imeshindwa na timu ambayo hakuitarajia.

## Pima haya kwanza

Kigezo cha kwanza ni kanuni ya saa, nacho kina uzito kuliko vingine vyote. Kwa miaka mingi mbio kubwa zimechukua muda wa mtu wa nne au wa tano wa timu kuvuka mstari. Waliomaliza naye kwenye msururu wanapewa muda huo huo, na aliyeachwa nyuma anapewa wake. Katika Tour de France ya 2015, timu zilipokuwa bado na watu tisa, saa ilisimama kwa mtu wa tano. Katika Tour ya 2018, timu zikiwa zimepunguzwa hadi watu wanane, ilisimama kwa mtu wa nne. Kisha Paris–Nice ya 2023, mbio nyingine za hatua za Ufaransa, ikaja na utaratibu mwingine: ushindi wa hatua ulihesabiwa kwa mtu wa kwanza kuvuka, na kila mwendeshaji akaandikiwa muda wake binafsi kwenye msimamo wa jumla, yaani jumla ya muda wa siku zote. Njia iliyotangazwa ya Tour ya 2026 inaanzia Barcelona kwa hatua ya namna hiyo.

Ninaanza na hili kwa sababu ndilo linaloamua timu ina kasi ya nani. Timu haiendi kwa kasi ya mtu wake bora, inaenda kwa kasi ya mtu wa mwisho anayehesabiwa. Ukishajua huyo ni wa ngapi, na ukishamjua kwa jina, mengi yaliyobaki yanajipanga yenyewe.

Kigezo cha pili ni hewa. Kwenye barabara tambarare, kasi ikipita kilomita 50 kwa saa, karibu tisa ya kumi ya nguvu ya mwendeshaji inaliwa na upepo anaoukata. Tena nguvu hiyo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kutoka kilomita 50 hadi 55 kwa saa ni nyongeza ya asilimia 10 ya kasi, lakini hewa inadai nguvu zaidi kwa asilimia 33 hivi. Aliyekaa sawasawa nyuma ya gurudumu la mwenzake anaokoa theluthi ya nguvu au zaidi, na hata wa mbele anapata nafuu ndogo kwa kuwa na mtu mgongoni. Kwa hiyo kila sekunde ya kukaa mbele ina bei, na mkakati wote ni kuamua bei hiyo ilipwe na nani, lini, na kwa kiasi gani.

Kigezo cha tatu ni njia yenyewe: urefu, kona, miinuko, na hasa inavyomalizika. Mwinuko unapunguza faida ya kujificha na kuuleta uzito wa mwili kwenye hesabu. Mteremko na barabara iliyonyooka vinawapendelea wakubwa wenye nguvu. Cha nne ni watu ulionao: je, wanakaribiana kwa uwezo, au una mashine mbili za saa na wapanda milima watano wepesi? Cha tano ni lengo la siku. Kushinda hatua, kumvika mtu jezi ya anayeongoza msimamo wa jumla (katika Tour ni ya njano), na kumlinda kiongozi wa msimamo wa jumla ni kazi tatu tofauti. Na usisahau kesho. Mbio za hatua haziishi jioni hii, na miguu iliyotumiwa leo ndiyo itakayotakiwa mlimani keshokutwa.

## Zamu sawa

Mwendo wake. Kila mtu anakaa mbele sekunde 15 hadi 20, anatoka upande uliokubaliwa, anateremka kando ya msururu, anajibandika kwenye gurudumu la mwisho. Kwa kasi ya kilomita 57 kwa saa, sekunde 15 ni mita 240 hivi. Timu ya watu wanane ikienda kwa zamu za sekunde 15, kila mmoja anarudi mbele baada ya dakika mbili. Ukiutazama msururu wa namna hii kutoka juu unaonekana kama kitu kimoja kinachopumua, na hapo ndipo msemo wa usione vyaelea vimeundwa unapokuwa kweli: utulivu ule ni matunda ya mazoezi mengi ya pamoja, watu wakijifunza kutoka na kurudi bila kumshtua aliye nyuma.

Inachodai miguuni. Kinachodaiwa kwa kila mmoja ni kidogo, lakini kinadaiwa mara nyingi. Hakuna anayekaa kwenye upepo hadi damu ichemke, na anapata muda wa kupoa. Gharama ambayo wengi hawaioni ni ile ya kurudi mkiani. Aliyetoka mbele hupunguza kasi kidogo ili msururu umpite, halafu ni lazima aongeze tena ili alikamate gurudumu la mwisho, wakati miguu yake ndiyo kwanza imetoka kufanya kazi. Zamu zikiwa fupi sana, mruko huo unajirudia mara nyingi zaidi. Mtu hachoki kwa kukaa mbele bali kwa kurudi nyuma.

Inapoharibika. Inaharibika pale timu inapojidanganya kuwa watu wake wako sawa. Mpanda milima mwembamba akishika mbele kwa sekunde 20 zile zile anazoshika mtu wa kilo 80, moja kati ya mawili hutokea: ama kasi inashuka kila anapofika mbele, na anayemfuata analazimika kuirudisha juu, ama anaishikilia kasi kwa gharama ambayo ataidaiwa kilomita kumi baadaye. Kasi inayopanda na kushuka ndiyo sumu ya msururu wowote, kwa sababu kila mruko wa mbele unakuwa pengo kule nyuma.

Inamfaa nani. Inaifaa timu ya watu wanaokaribiana, hasa isiyo na kiongozi wa kulindwa kwa msimamo wa jumla. Nadhani mfano mzuri wa timu ya aina hii ni Orica-GreenEDGE iliyoshinda mjini Nice katika Tour ya 2013. Hawakuwa na mtu wa kugombea jezi ya njano Paris. Walikuwa na wanaume waliokulia kwenye uwanja wa mbio za ndani na kwenye saa: Brett Lancaster, bingwa wa Olimpiki wa 2004 wa kufukuzana kwa timu, Cameron Meyer, Stuart O'Grady, Svein Tuft. Kilomita 25 walizikata kwa dakika 25 na sekunde 56, wastani wa zaidi ya kilomita 57.8 kwa saa, ambao haukuwahi kufikiwa kabla katika hatua ya timu ya Tour. Omega Pharma–Quick-Step walishindwa kwa chini ya sekunde moja. Simon Gerrans akavaa njano, na siku mbili baadaye ikaenda kwa mwenzake Daryl Impey wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kuivaa jezi hiyo.

Zamu sawa pia huifaa timu ambayo haijafanya mazoezi ya kutosha pamoja. Ni njia rahisi kukumbuka wakati mapigo ya moyo yamefika kooni na redio ya sikioni haisikiki kwa kelele za watu.

## Zamu kwa uwezo

Mwendo wake. Mtaalamu wa saa anakaa mbele sekunde 40, wakati mwingine dakika nzima, yaani karibu kilomita moja. Wa kati wanakaa sekunde 15 au 20. Wanyonge wanagusa mbele kwa sekunde chache na kutoka, au wanabaki mkiani moja kwa moja. Anayebaki mkiani ana kazi yake: kufungua nafasi mbele yake kila mwenzake anaporudi, ili huyo aingie bila kulazimika kwenda hadi mwisho kabisa. Kazi hiyo inaonekana ndogo kwenye televisheni, lakini asiyeijua huwatesa wenzake sana.

Siri ya njia hii ni moja, na ningependa kila kijana anayejifunza mchezo huu aishike: mwenye nguvu aongeze muda, asiongeze kasi. Akishika mbele na kuona ana miguu mizuri, kishawishi ni kupandisha kutoka 55 hadi 57. Kwake yeye ni raha. Kwa walio nyuma ni nyongeza ya asilimia 11 hivi ya nguvu dhidi ya hewa, inayomkuta mmoja wao akiwa ndiyo kwanza anarudi mkiani. Hapo hapo pengo linafunguka. Nguvu zake zilitakiwa zitumike kukaa sekunde 30 zaidi kwenye kasi ile ile, ili wanyonge wapate sekunde 30 zaidi za kupumua. Nimeona timu zenye mabingwa zikivunjika kwa sababu hii kuliko kwa sababu nyingine yoyote, na inaniuma kila mara, kwa kuwa nguvu walikuwa nazo.

Inachodai miguuni. Inawadai wachache deni kubwa. Mashine mbili au tatu za timu zinamaliza siku zikiwa tupu, wapanda milima wanamaliza wakiwa na akiba. Kwa mbio zinazoingia milimani siku inayofuata, hiyo ndiyo hesabu inayotakiwa. Lakini asifikirie mtu kwamba aliyekaa mkiani amepumzika. Kila kona, kila mzunguko wa barabara, msururu unavutika kama mpira: wa mbele ametoka kwenye kona na kuanza kuongeza mwendo wakati wa mwisho bado anashika breki. Wa mwisho hulipa kila kona.

Inapoharibika. Kuna ugumu wa mpangilio ambao hauna jibu moja. Ukimweka mwenye nguvu nyuma ya mnyonge, mwenye nguvu anapokea msururu na kuinua kasi iliyolegea, lakini mnyonge huyo, aliyetoka mbele sasa hivi, anarudi mkiani wakati kasi inapanda. Ukimweka mnyonge nyuma ya mwenye nguvu, anapokea mbele kwa kasi ambayo haiwezi. Wakurugenzi wengi hujaribu kumweka mtu wa kati katikati ya wawili hao. Halafu kuna suala la miili. Mtu mfupi hafungui kivuli cha kutosha kwa jitu linalomfuata, hivyo jitu hilo linakata upepo hata likiwa limejificha.

Na kuna kiburi. Mpanda milima mashuhuri anaona aibu kukaa nyuma kilomita 30 mbele ya kamera, anajilazimisha kwenda mbele, kasi inashuka, anarudi nyuma akiwa amekwisha. Nahodha anayechagua njia hii lazima awe na ujasiri wa kumwambia mtu mkubwa: leo kazi yako ni kubaki hapo. Tena zamu kwa uwezo ikimpoteza mtaalamu wake, kwa pancha au kuanguka, mpango wote unahitaji kuandikwa upya barabarani.

Inamfaa nani. Inazifaa timu nyingi zinazogombea msimamo wa jumla, zenye injini mbili au tatu na kiongozi mwepesi anayetakiwa afike salama na bila kuchoka. Jumbo-Visma waliposhinda Brussels katika Tour ya 2019, walikuwa na Tony Martin, bingwa wa dunia wa mbio za mtu mmoja dhidi ya saa mara nne, na kijana Wout van Aert, pamoja na wapanda milima kama Steven Kruijswijk. Walizimaliza kilomita 27.6 kwa wastani wa zaidi ya kilomita 57 kwa saa na kuwatangulia timu ya Ineos kwa sekunde 20. Kwenye siku ambayo kawaida huamuliwa kwa sekunde chache, 20 ni bahari. Inazifaa pia njia ndefu zilizonyooka, ambako mtu mzito anaweza kukaa mbele bila kona za kumkatiza.

## Msururu wa kupukutika

Mwendo wake. Timu inagawa njia vipande. Wa kwanza kumalizika wanapangwa mapema: wanakata upepo kwa nguvu zote kwenye kilomita za mwanzo au za kati, kisha wanatoka na hawarudi. Hesabu inashuka, nane, saba, sita, mpaka wanabaki wanaohitajika na saa. Chini ya kanuni ya mtu wa nne au wa tano, idadi hiyo ndiyo sakafu. Chini ya kanuni ya muda binafsi hakuna sakafu, na msururu unageuka kuwa ngazi ya kumrusha mtu mmoja.

Hizi ni mbio mbili tofauti zenye sura moja, kwa hiyo nazitenganisha.

Kwa kanuni ya zamani, kupukutika kuna faida iliyo wazi: nguvu za watu watatu au wanne ambao wangefika mstarini wakiwa na akiba zinatumika zote kabla ya mstari. Akiba inayovuka mstari haina thamani kwa siku hiyo. Hasara yake ni kwamba baada ya mtu wa mwisho wa ziada kuondoka, huna tena bima. Team Sky walionja hilo katika Tour ya 2015, kwenye hatua ya kilomita 28 kutoka Vannes hadi Plumelec iliyomalizikia kwenye mwinuko wa Cadoudal. Walifika mwinukoni wakiwa watano, na saa ilimtaka wa tano. Huyo alikuwa Nicolas Roche, akaanza kuachwa, na wenzake wakalazimika kupunguza mwendo kumngoja. BMC walishinda kwa sekunde moja. Miguu ya kiongozi wao Chris Froome siku hiyo haikuwa na la kusaidia, kwa sababu saa haikuwa inamwangalia yeye.

Kwa kanuni ya muda binafsi, habari inageuka. Hakuna wa kumngoja. Kiongozi anafichwa mpaka dakika za mwisho, wenzake wanamalizika mmoja mmoja mbele yake, kisha anaachiwa barabara. Jumbo-Visma walishinda hatua ile ya Paris–Nice ya 2023 wakiwa na Jonas Vingegaard, EF Education-EasyPost wakawa nyuma kwa sekunde moja tu, na Magnus Cort wa EF akatoka nayo jezi ya njano. Sisi ambao miaka yote tuliwafundisha vijana kwamba timu inamaliza pamoja, tulilazimika kuyazoesha macho upya.

Inachodai miguuni. Kwa waliopangwa kupukutika, inadai kila kitu. Kwa kiongozi, chini ya kanuni mpya, inadai kitu ambacho wapanda milima wengi hawana: uwezo wa kukata upepo peke yake kwa kasi kubwa baada ya kilomita 20 za kufuata magurudumu. Ukimrusha mapema mno, faida yote ya kufichwa inayeyuka kwenye kilomita mbili za upweke.

Inapoharibika. Kwa kanuni ya zamani, mtu mmoja akianguka baada ya wengine kuondoka, siku imekwisha. Hata kabla ya hapo anguko ni balaa. Katika Giro, mbio kubwa za Italia, ya 2014 mjini Belfast, kwenye barabara iliyolowa, watu kadhaa wa Garmin-Sharp walianguka kwa mkupuo na Dan Martin akavunjika mtulinga. Waliobaki wima hawakutosha, hivyo ikabidi wapunguze na kusubiri, na dakika zaidi ya tatu zikapotea. Kwa kanuni mpya hatari ni ya aina nyingine. Timu yenye viongozi wawili inaweza kujikuta imempa mmoja sekunde ilizomnyang'anya mwingine, na ugomvi huo hauishi jioni ile.

Inamfaa nani. Kwa kanuni ya zamani, inazifaa timu zenye watu wa ziada ambao hawatahitajika sana siku mbili zijazo, na nahodha anayejua kuhesabu barabarani. Kwa kanuni mpya, inaifaa timu ya kiongozi mmoja asiye na mshindani ndani ya nyumba, hasa mwisho wa njia ukiwa wa kupanda. Hatua ya Barcelona, inayomalizikia juu Montjuïc, imechorwa kana kwamba inawaita watu wa namna hii.

## Yanayozihusu zote tatu

Mwanzo huharibu siku nyingi kuliko mwisho. Watu wametoka jukwaani wakiwa wabichi, miguu haijauma, kilomita ya kwanza inakwenda kwa kasi ambayo hakuna anayeiweza kwa nusu saa. Anayeongoza mwanzo awe mtu mtulivu, apandishe mwendo taratibu mpaka wa mwisho aseme amefika.

Upepo wa ubavuni unaubadilisha msururu kuwa mshazari, na wa mbele hutoka upande upepo unakotokea. Mshazari ukishajaza upana wa barabara, mtu wa mkiani hana pa kujificha, na hapo mpango wa kuwaweka wanyonge nyuma unageuka adhabu. Siku ya upepo mkali wa ubavuni, hata timu inayopenda zamu kwa uwezo hufupisha zamu zake.

Nani anavuka wa kwanza nalo si jambo la kuachia bahati. Jumbo-Visma waliposhinda Utrecht katika Vuelta, mbio kubwa za Hispania, ya 2022, mkongwe Robert Gesink ndiye aliyetangulia mstarini na kuvaa jezi nyekundu ya anayeongoza, baada ya miaka mingi ya kuwatumikia wengine. Ushindi haukupungua hata sekunde, na mtu aliyestahili akaheshimiwa.

## Kwa hali yako

Kama saa inasimama kwa mtu wa nne au wa tano, njia ni tambarare, na watu wako wanakaribiana, anza na zamu sawa za sekunde 15 hadi 20, kisha waruhusu walio imara warefushe zamu kwenye theluthi ya mwisho. Usianze na ujanja ambao hujaufanyia mazoezi.

Kama una kiongozi mwepesi wa msimamo wa jumla, injini mbili au tatu, na milima inakungoja ndani ya siku chache, zamu kwa uwezo ndiyo itakayokulipa. Mwambie mapema kila mtu sekunde zake, na umwambie kila injini kasi ambayo haruhusiwi kuivuka. Kipima nguvu kitamwonyesha wati zake. Wewe msisitizie mwendo.

Kama lengo ni ushindi wa hatua tu, njia ni fupi, na una watu wa kutoa sadaka, msururu wa kupukutika una haki ya kufikiriwa. Acha mtu mmoja zaidi ya idadi inayohitajika hadi kilomita mbili za mwisho. Mwisho ukiwa wa kupanda, acha wawili, na uhakikishe anayehesabiwa wa mwisho ni mtu anayepanda, si mzito aliyebaki kwa bahati.

Kama muda ni wa mtu binafsi na kiongozi wako anaweza kwenda peke yake, panga kurudi nyuma kutoka mstarini: anaachiwa wapi, nani anamfikisha hapo, nani anamfikisha huyo. Kama kiongozi wako ni mpanda milima asiyeuweza upepo, mpe wenzake wawili wa kumaliza naye, hata kama kanuni haiwahitaji. Na kama una viongozi wawili, amueni mezani, usiku uliotangulia, nani anamngoja nani.

Kama barabara imelowa au ina kona nyingi, chagua njia inayobakiza watu wengi zaidi, hata ikiwa na sekunde chache za hasara. Mwaka 2019, siku ya kwanza ya Vuelta mjini Torrevieja, maji yaliyomwagika barabarani yaliwaangusha Jumbo-Visma kwenye kona, na Primož Roglič akapoteza sekunde 40. Wiki tatu baadaye Vuelta ilikuwa yake. Sekunde 40 zilirudi. Mtulinga uliovunjika usingerudi.

La mwisho ni la kuamuliwa kabla ya kuvaa kofia: mtu akianguka au akipata pancha, timu inasimama au inaendelea? Katika Tour ya 2005, David Zabriskie wa timu ya CSC alianguka akiwa na jezi ya njano, karibu kabisa na mstari wa Blois, baada ya zaidi ya kilomita 65 za kukimbizana na timu ya Discovery Channel. Wenzake waliendelea na wakamaliza sekunde mbili nyuma ya washindi, jezi ikaondoka. Andika majina mawili kwenye karatasi, la yule ambaye timu inamngoja kwa vyovyote na la yule mwenye mamlaka ya kupiga kelele ya kuendelea, na kila mtu ayasome kabla ya kupanda jukwaani.